Nani Aliyeanza? Maneno ya Uchokozi na Dhima ya Mwenye Kuyatamka



Miongoni mwa maneno ambayo mtoto wa Kiswahili huyajua mapema, kabla hajaweza kuhesabu hadi ishirini, ni "kaanza yeye." Wazazi waishio Maskati, Dubai au Abu Dhabi huyasikia kila siku nyuma ya gari, wakati wa kuwarejesha watoto kutoka skuli. Mtoto wa pili hukanusha, naye hutaja jambo lililotangulia kabla ya lile. Wa kwanza hutaja jingine la jana. Na lau mzazi angewaachia wangerudi nyuma mpaka siku waliyozaliwa. Aghlabu mzazi huwanyamazisha wote wawili ili apate kuendesha. Huenda amefanya uadilifu, na huenda amefanya dhulma. Yeye mwenyewe hajui, kwani hakupima.

Swali wanalogombania watoto hao si la kitoto. Makabila yamelimwagia damu, na ndugu wa tumbo moja wamelihama kwa ajili yake pahala walipozaliwa. Na ndani yake limo swali jingine lililo gumu zaidi. Mtu ambaye hakunyanyua mkono wala hakuchukua mali ya mwenziwe, bali alitamka neno tu, kisha mwingine akanyanyua mkono kwa sababu ya neno hilo: je, huyo wa kwanza ameanza jambo, au amesema tu?

Lugha ya Kiswahili ina utajiri mkubwa katika mlango huu, pengine kuliko inavyopendeza. Husemwa kuchokoza, kuchochea, kuchokonoa, kuzua, kuzusha, kuwasha, kufitini, kuchonganisha. Maneno haya si mamoja, na kila moja lina picha yake ndani yake. Mwenye kuchokoza ni kama yule anayetembea mwambani maji yakiwa yamekupwa, na kijiti chenye ncha mkononi, akikiingiza katika tundu ili kuona kama mna pweza. Pweza alikuwa ametulia. Akiguswa hukikumbatia kile kijiti kwa mikono yake yote, na kwa kukikumbatia huko ndiko anakovutwa nje. Ndipo wazee wakasema: chokochoko mchokoe pweza, binadamu hutamweza. Msemo huu watu huuchukua kuwa ni onyo kwa mchokozi, nao ni hivyo; lakini una khabari ya mchokozwa pia, kwamba aliyeng'ang'ania kijiti ndiye aliyetoka tunduni.

Kuchochea ni jambo jengine. Mchochezi haanzi na tundu lililotulia, bali huja mekoni akaukuta moto, akazisukuma kuni ndani. Kwa hiyo mchochezi siku zote ana udhuru ambao mchokozi hana: "Moto nimeukuta unawaka." Na udhuru huo ni wa kweli, nao haumfai kitu, kwani hakuulizwa nani aliyeuwasha, ameulizwa kwa nini umefika kwenye paa. Ama kuwasha, Kiswahili kimelifanya neno hilo kuwa moja kwa moto na kwa upupu. Na kila aliyewahi kuguswa na upupu anajua kuwa kinachomtoa ngozi si upupu wenyewe bali ni kucha zake mwenyewe anapojikuna. Kisha liko kuchonganisha, nalo lina ubaya wake pekee, kwa kuwa mwenye kulitenda hayumo katika ugomvi. Wawili wanapigana, na wa tatu amekaa pembeni akinywa kahawa.

Katika Kiarabu liko neno *nazgh*, ambalo asili yake ni kudunga na kuchoma kwa ncha, na Qur'ani imelitumia kwa kazi ya Shetani baina ya watu. Katika Suratul Israa, aya ya 53, Mwenyezi Mungu amewaamrisha waja wake waseme lililo bora, na sababu iliyotajwa ni hiyo hasa: kwamba Shetani hudunga baina yao. Hakusema waseme lililo kweli tu, kwani kweli nayo yaweza kuwa ncha.

Na inafaa kuzindua hapa juu ya neno fitina, kwa sababu Waswahili wameliazima na kulifinya. Katika Kiarabu asili yake ni kuitia dhahabu motoni ili ijulikane safi na isiyo safi. Kisha likaja kwa maana ya mtihani, na mateso, na kumtoa mtu katika dini yake. Aya ya 191 ya Suratul Baqara, isemayo kuwa fitna ni mbaya zaidi kuliko kuua, wengi wa wafasiri wameieleza kwa maana ya kuwatesa waumini hata waache dini, au kwa maana ya ushirikina. Basi mtu anayeisoma aya hiyo katika ugomvi wa majirani wawili juu ya pahala pa kuweka gari, amechukua upanga kukatia kitunguu. Ubaya wa maneno ya kuchonganisha unathibiti kwa dalili zake nyingine, wala hauhitaji kukopeshwa dalili isiyo yake.

Sasa na tuangalie namna ulimi unavyoweza kumbebesha mtu mwanzo usio wake. Hapana mfano ulio wazi zaidi kuliko Vita vya Basus, vilivyopiganwa kabla ya Uislamu, mwishoni mwa karne ya 5 na mwanzoni mwa karne ya 6 ya Miladi, baina ya Bakr na Taghlib, nao ni watoto wa babu mmoja. Wapokezi wa khabari za Waarabu husema vilidumu miaka 40. Kulayb bin Rabia, bwana wa Taghlib, alijiwekea malisho yawe yake peke yake, hata hapana aliyethubutu kuchunga humo bila ya idhini yake. Mkewe, Jalila binti Murra, alikuwa wa Bakr, na nduguye mwanamume akiitwa Jassas. Kwa Jassas alifikia dada wa mama yake, mwanamke aitwaye Basus, naye alikuwa na mgeni mwenye ngamia jike, jina lake Sarab. Siku moja ngamia huyo alijichanganya na ngamia wa Kulayb. Kulayb alipomwona ngamia asiyemjua katika malisho yake, alimpiga mshale wa kiwele. Ngamia akarejea akivuja damu na maziwa. Basus akapiga ukelele, akilia kudhalilishwa kwake na kwa mgeni wake. Jassas akausikia ukelele ule, akamwendea Kulayb, mume wa dada yake, akamwua.

Msomaji na azingatie. Je, alianza Kulayb alipoyazuia malisho ya watu wote? Au alianza mgeni kwa kutomfunga ngamia wake? Au Kulayb tena, kwa mshale? Au Basus, kwa ukelele? Au Jassas, kwa mkuki? Ndimi za Waarabu zilichagua. Vita vikaitwa kwa jina la Basus, na jina lake likawa mithali ya mkosi mpaka leo, husemwa fulani ana nuksi kuliko Basus. Mwanamke huyo hakurusha mshale wala hakushika mkuki. Yule aliyejitenga na ardhi kwa kiburi, akampiga mnyama kwa kuwa tu si wake, vita havikupewa jina lake.

Hapana shaka ukelele ule uliwasha jambo. Lakini baina ya mwenye kulia kwa kuwa ameumizwa, na mwenye kulia ili mtu auawe, ipo tofauti kubwa, na jina la vita halikuipima. Na jambo hili halikwisha na Waarabu wa zamani. Mke anapotaja matumizi ambayo hakupewa, huambiwa, "Usianze." Mtumishi wa nyumbani anapouliza mshahara wake wa miezi miwili, huambiwa naye, "Usianze tena." Neno hilo ni fupi, na kazi yake ni kubwa: huuhamisha mwanzo kutoka kwa aliyezuia haki na kuuweka kwa aliyeidai. Aliyezuia alifanya kimya kimya, na kimya hakina jina la uchokozi. Aliyedai alitoa sauti, basi yeye ndiye mchokozi. Nyumba ngapi zinasifiwa kwa amani, na amani yenyewe ni kwamba mwenye kudhulumiwa amekwisha jifunza kutoanza!

Kuhusu mwenye kusema na mwenye kutenda, wanavyuoni wa sheria wana kanuni mashuhuri: wakikutana mtendaji mwenyewe na aliyesababisha, hukumu hutegemezwa kwa mtendaji. Majalla, iliyokusanywa katika dola ya Uthmaniya baina ya mwaka 1869 na 1876, imeiweka kanuni hiyo katika kifungu cha 90, na mfano uliotolewa ni wa mtu aliyechimba kisima njiani, kisha akaja mwengine akamtupa humo mnyama wa watu. Mwenye kulipa ni aliyetupa, si aliyechimba. Kanuni hii ni rehma, kwani lau kila neno lingelipishwa kwa kila kilichofuata baada yake, hapana mtu angethubutu kufungua kinywa, na kila muuaji angepata wa kumsingizia. Mwenye kupiga hawezi kumwambia kadhi kuwa mkono wake uliendeshwa na ulimi wa jirani.

Hata hivyo kadhi huhukumu baina ya watu juu ya mali na damu. Hakuwekwa apime kila kilichomo nyoyoni. Aliyechimba kisima njiani hadaiwi thamani ya mnyama, lakini kisima bado kipo njiani, na ni yeye aliyekichimba. Mtume (S.A.W.) alipowatajia masahaba kuwa miongoni mwa madhambi makubwa ni mtu kuwatukana wazazi wake, walistaajabu, wakauliza vipi mtu atawatukana wazazi wake. Akawaeleza kuwa mtu humtukana baba wa mwenziwe, na mwenziwe naye akamtukania baba yake. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Kinywa kilichotamka tusi juu ya mzee huyo ni cha mtu mwengine, na tusi likahesabiwa kwa mwanawe. Na katika Suratul An'am, aya ya 108, waumini walikatazwa kuwatukana wanaoabudiwa kinyume cha Mwenyezi Mungu, ili wale wasije wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa uadui pasi na ujuzi. Masanamu yale hayakuwa na heshima yoyote ya kulindwa. Kilichokatazwa ni kuchimba kisima.

Basi umefika wakati wa kuuliza kipimo. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Abu Huraira kwamba Mtume (S.A.W.) amesema juu ya wawili wanaotukanana kuwa dhambi ya waliyoyasema iko juu ya aliyeanza, maadamu aliyedhulumiwa hakupita mpaka. Watu wengi huishika nusu ya kwanza, kwani kila mmoja anaamini kuwa yeye ndiye wa pili. Nusu ya pili ndiyo yenye uzito. Aliyedhulumiwa amepewa ruhusa ya kurejesha mfano wa alichopewa, na afadhali yake ni kusamehe. Lakini akizidisha, hata kwa neno moja, ile ziada si jibu tena. Ziada haina mwenziwe upande wa pili. Ni kitu kipya kilichotoka kwake yeye, na hapo naye ameanza.

Kwa hiyo wanakosea wanaoutafuta mwanzo mmoja wa ugomvi, kama mtu atafutaye chemchemi ya mto. Ugomvi una mianzo mingi kwa kadiri ya mipaka iliyopitwa, na kila mwanzo una mwenyewe. Yule wa kwanza habebeshwi ziada ya wa pili, wala wa pili hajifichi nyuma ya wa kwanza. Mtu anaweza kuwa amedhulumiwa saa tatu na akawa mchokozi saa tatu u nusu, katika majlisi ile ile, hajabadilisha hata mkao wake.

Warejee wasomaji kwenye vita vile vile. Al-Harith bin Ubad alikuwa mkubwa miongoni mwa Bakr, naye alijitenga na vita tangu mwanzo, akasema kwamba hana ngamia jike wala dume katika jambo hilo. Miaka ikapita, damu ikimwagika, naye amekaa mbali. Kisha Muhalhil, nduguye Kulayb, alimkamata Bujayr, mwana wa al-Harith, na wengine husema ni mwana wa nduguye, akamwua. Khabari ilipomfikia mzee, yasemekana hakuondoka. Alisema kuwa kijana huyo ni mwenye kheri, ikiwa damu yake itasuluhisha baina ya kabila mbili. Alidhani Muhalhil amemwua Bujayr kwa Kulayb, mtu kwa mtu, na kisasi kimekwisha. Hapo akaambiwa alilolisema Muhalhil wakati wa kuua: kwamba kijana huyu ni badala ya ukanda wa kiatu cha Kulayb.

Al-Harith akaitisha farasi wake.

Mauti ya kijana aliyastahamili. Neno hakulistahamili, kwa kuwa mauti yalikuwa na uwezekano wa kuwa mwisho, na neno likaufanya mwisho huo kuwa mwanzo. Muhalhil alikuwa na haki ya kulia: nduguye aliuawa kwa ajili ya ngamia. Lau angepimwa siku ya kwanza angekutwa ni mwenye kudhulumiwa, na huenda angekutwa hivyo kwa miaka mingi. Lakini kauli ile haikuwa kisasi cha Kulayb. Kulayb hakuhitaji mtoto wa mtu afananishwe na ukanda wa kiatu. Hiyo ilikuwa ni yake Muhalhil mwenyewe, na vita vilivyofuata, ambavyo Bakr walishinda kwa al-Harith kuingia, vilikuwa na mwanzo wake hapo, pasi na ngamia wala malisho wala ukelele wa mwanamke.

Ama kujizuia kuanza, si kazi nyepesi kama inavyodhaniwa, kwani mwenye kujizuia humwachia mwenziwe pigo la kwanza. Abu Bilal Mirdas bin Udayya, ambaye Maibadhi humtaja kwa heshima kubwa miongoni mwa waliotangulia, alitoka Basra na watu wapatao 40 katika siku za utawala wa Ubaydullah bin Ziyad, akatangaza ya kwamba hatomtisha mtu wala hatonyanyua upanga ila juu ya atakayewapiga. Aliuawa mwaka 61 Hijria. Sharti lake lilikuwa na gharama, naye aliijua kabla ya kutoka.

Katika familia zetu zilizotawanyika, hapana pigo la upanga, lakini kuna simu. Na ichukuliwe nyumba moja ya urithi Unguja, na warithi wake watatu: kaka mkubwa yuko Maskati, dada yuko Dubai, na mdogo amebaki nyumbani, ndiye anayeilinda nyumba. Masika yameingia, paa la bati linavuja, na mdogo ameomba fedha kwa mara ya tatu. Mkubwa, akiwa amechoka na kazi, anazungumza na dada yake usiku, anasema kwa kejeli: "Kila siku paa, dada. Pengine paa lenyewe ni tumbo lake." Neno baya, lakini limesemwa kwa dada, baina ya watu wawili, na asubuhi angeliona haya. Dada analichukua kama lilivyo, kwa sauti ya kaka mwenyewe, analipeleka Unguja. Anaambatisha na maneno: "Mimi sisemi kitu, sikia mwenyewe."

Mdogo anajibu mbele ya jamaa wote kuwa walio ugenini wamesahau hata kaburi la baba liko wapi. Mkubwa anasikia, anasema nyumba iuzwe. Na kila mmoja ana ushahidi kuwa mwengine ndiye aliyeanza, na ushahidi wa kila mmoja ni sahihi.

Akiulizwa dada, atasema: "Mie sikuongeza hata neno moja." Naye ni mkweli. Lakini wanavyuoni wanapoeleza *namima* husema kuwa ni kuyahamisha maneno ya watu baina yao kwa namna ya kuharibu, hawakushurutisha uwongo. Mwenye kuongeza uwongo amekusanya madhambi mawili, na mwenye kusema kweli amebaki na lile la kwanza. Hadithi ya Hudhayfa, kwamba mpelekaji maneno hatoingia Peponi, haikumtoa aliyenakili kwa uaminifu. Kaka mkubwa ana dhambi yake ya kumdhania ndugu yake vibaya. Mdogo ana ziada yake, kwa kulitaja kaburi. Lakini safari ya neno kutoka Maskati hadi Unguja ina mwanzilishi wake peke yake, naye hakutukana mtu.

Zamani, familia hizi zilipokuwa zikipelekeana khabari kwa barua ya mkono na kaseti iliyotiwa katika sanduku la msafiri, neno la hasira lilichukua wiki kadhaa kufika, na mara nyingine msafiri aliyeisikiliza kaseti njiani aliiona kheri aisahau sandukuni. Wengi waliopatana hawakujua kuwa walipatanishwa na usahaulifu huo. Sasa sauti hufika kabla mwenye kuisema hajaweka simu chini, na msafiri wa kuisahau hayupo. Kazi yake imebaki kwa kila mwenye kupokea.

Wala isidhaniwe kuwa kila kuanza ni shari. Neno moja la mtu mmoja huweza kuwasha kheri kwa njia ile ile, na kipimo chake hakibadiliki. Jarir bin Abdullah amesimulia, na Muslim ameipokea, kwamba walikuja Madina watu wa Mudhar wakiwa karibu ya utupu, wamejivika vipande vya sufi, na uso wa Mtume (S.A.W.) ukabadilika alipoona ufukara wao. Akakhutubia, akawahimiza watu watoe sadaka. Ndipo akaja mtu mmoja katika Ansari na mfuko mzito ambao kiganja chake kilikaribia kushindwa kuuchukua, bali kilishindwa. Watu wakafuatana nyuma yake hata yakapatikana marundo mawili, la chakula na la nguo, na uso wa Mtume ukang'ara. Hapo ndipo alipobainisha kuwa mwenye kuanzisha mwendo mwema ana ujira wake na ujira wa wanaoufuata, bila ya kupunguziwa hao chochote. Na mwenye kuanzisha mwendo mbaya ana dhambi yake na dhambi za wanaoufuata, bila ya kupunguziwa hao chochote. Na kwa kipimo hicho hicho imepokewa kwamba hauawi mtu kwa dhulma ila mwana wa kwanza wa Adam ana fungu katika damu yake, kwa kuwa ndiye aliyeanza kuua. Jina la yule Mansari mwenye mfuko halikutajwa katika simulizi hiyo.

Bado yuko mmoja aliyekuwa na haki kuliko watu wote ya kusema "wao ndio walioanza." Yusuf, amani iwe juu yake, alitupwa kisimani na ndugu zake akiwa mtoto, akauzwa, akafungwa. Alipokutana nao tena, yeye akiwa na mamlaka na wao wakiwa wahitaji, wazazi wakiwa mbele yake, aliieleza khabari yote kwa sentensi moja iliyomo katika aya ya 100 ya sura yake. Alishukuru kutolewa gerezani, wala hakukitaja kisima, wasije wakafedheheka. Na katika kuyataja yaliyopita alitumia lile neno la kudunga: kwamba Shetani alidunga baina yake na ndugu zake. Hakusema Shetani aliwadunga wao. Alisema *baina*, na neno hilo lina pande mbili, akauchukua upande mmoja yeye mwenyewe, ilhali wote waliokuwapo pale walijua kuwa upande wake haukuwa na kosa lolote ila kupendwa na baba.

Na ichukuliwe tena nyumba ile ya Unguja. Wiki mbili zimepita, mvua haijakatika, na mdogo ameshika simu. Ana mambo mengi ya kumwambia kaka yake, na yote yana ushahidi wa sauti. Simu ikapokewa Maskati. Akatoa salamu, akauliza hali ya watoto, kisha akasema: "Kaka, fundi amepanda juu leo. Anasema si paa zima, ni bati kumi na mbili tu za upande wa chumba cha mama."